Siku Nilitoa Malata na Wingu Mbele Yangu

Siku yangu ya kwanza ku kazi, shefu wa malata, ya mabati ya kufunika nyumba, aliniangalia toka kichwa mpaka miguu, kiisha akauliza banaume bake: "Huyu njo alikuya kutupikia?" Banaume sita bakacheka. Mi nilikuwa na mutoto ku mugongo na kitambaa ku kichwa. Bwana yangu alianguka toka juu ya nyumba moja ya Kapata, cité ya kampani ya shaba, mufupa wa kiuno ukavunjika, na shefu wa cité, ule mukubwa wa nyumba zote za kampani, alikubali nishike nafasi yake mpaka apone. Hakupona muzuri, na mi sikutoka.

Nikamujibu: "Eyo, tata shefu, nitapika. Lakini gudroni."

Na kweli, ile siku nilipika gudroni. Ni lami nyeusi ya barabara. Tuliichemshaka mu nusu ya pipa, na moto mudogo, polepole, na kijiti cha kukoroga. Tulipaka juu ya tundu, tunaweka kipande cha gunia, tunapaka tena juu ya gunia. Tone moja ya maji ikianguka mu gudroni ya moto, inaruka sawa nyoka. Iliniruka mbele ya saa sita, njo hii alama ku mukono wangu. Sikulia. Banaume balikuwa banangoja nilie.

Saa ya kurudi nyumbani, shefu wa malata aliniita pembeni. Alikuwa muzee mukavu, kidole kimoja ya mukono wa kushoto ilikatika zamani. Akasema: "Mama, sheria yangu iko mbili. Ya kwanza: kama wingu iko mbele yako, usifungue nyumba ya mutu. Hata mukubwa akupigie kelele, usitoe lata hata moja. Ya pili: nyumba ikivuja mara mbili pale pale, acha kuangalia juu, shuka, angalia chini."

Ile ya pili nilichelewa kuisikia. Ile ya kwanza niliivunja siku moja, mbele ya Kapata yote, na mpaka leo kuko batu benye kunipita mu njia bila salamu. Nitaisema. Lakini mbele, musikie kazi.

Nyinyi bajukuu munapanda leo na sandali, munapiga musumari popote, kiisha munasema malata ya siku hizi ni mbaya. Lata iko na mugongo na iko na bonde. Musumari unapigwa ku mugongo, hapana mu bonde, maana maji inapita mu bonde. Chini ya kichwa ya musumari weka kipande cha kauchu, cha mupira wa baiskeli ya zamani kinatosha. Lata moja inalala juu ya ingine, na ule ukingo wa lata ya juu ugeuzie mvua mugongo. Kwetu mvua kubwa inatokea upande wa Nzilo. Ukikosea, upepo utaingiza maji chini kama mutu anafungua kitabu. Na ukitembea juu, tembea ku mustari wa misumari, maana chini yake kuko mbao. Bwana yangu alisahau ile kitu mara moja tu.

Wakati kampani ilipunguza batu, nilienda kufanya kazi Dilala, ku masomo, ile shule ya masista. Ma mère supérieure, mukubwa wa masista, alikuwa ananunua malata mupya na anataka rangi nyekundu ile wiki ile. Nikamwambia: "Ma mère, lata mupya iko na mafuta ya kiwanda. Rangi haitashika. Iache ilale mvua moja nzima, ikauke, tuisugue, njo tupake."

"Mama, monseigneur, askofu wetu, anakuya siku ya mungu."

"Basi monseigneur ataona rangi. Siku ya mungu ya Pasaka ataona magamba."

Tulipaka. Pasaka masomo ilikuwa inatoka ngozi sawa mutoto wa surua. Ma mère alikuya yeye mwenyewe na brosi ya chuma, akapanda ngazi na kanzu yake, tukasugua pamoja siku ine. Ile mwanamuke nilimupenda. Alikuwa anajua kusema "nilikosa".

Mi sikuwa najua. Njo pale shida ilianzia.

Niliporudi Kapata kufanya kazi yangu mwenyewe, batu balinipa jina Mama Malata. Nilisema ku kila mulango: kwenye mukono wangu umepita, tone haitaanguka tena. Na haikuanguka. Mpaka nyumba ya Mama Bijou.

Mama Bijou na bwana yake, Papa Bijou, balikuwa mu nyumba ya zamani ya kampani, matofali, malata munane kila upande. Bijou mwenyewe, binti yao, alikuwa na miaka saba, na bandugu bake badogo babili. Nyumba ilivuja juu ya chumba cha bazazi. Nilipanda, nikaona misumari ine imelegea, nikaibadilisha, nikapaka gudroni na gunia. Nikashuka na kiburi changu. Mwezi haukuisha, Mama Bijou akanitumia mutu: inavuja. Pale pale.

Nilipaswa kushuka kuangalia chini. Nilikuwa na sikio la kusikia sauti ya shefu. Lakini nilisema mu roho, mi Mama Malata, nani atanifundisha? Nikapanda tena, nikaweka gudroni mara mbili.

Mara ya tatu, Mama Bijou aliniita yeye mwenyewe ku soko, mbele ya banamuke ba mboga: "Ee Mama Malata! Siku hizi uko Mama Matone?"

Banamuke balicheka mpaka mumoja akamwanga nyanya zake. Mi nilichukua ngazi na musumari na kasirani, nikaenda kwake saa ile ile. Ilikuwa mchana, kisha chakula cha midi. Batoto balikuwa banalala mu chumba cha pili. Upande wa Nzilo mbingu ilikuwa inaanza kuwa nyeusi.

Nilipanda. Gudroni yangu ilikuwa imepasuka katikati, sawa mukate. Musumari mupya, wangu, ulikuwa umetoka nusu. Pale sasa shefu aliniingia mu kichwa. Nikatoa kamba mu mufuko, nikaifunga mwisho huu wa mugongo wa nyumba, nikaivuta mpaka mwisho ule. Kamba haisemi uongo. Katikati, juu ya chumba, nyumba ilikuwa imeshuka chini ya kamba bidole bine.

Nilishuka haraka, nikazunguka inje. Ukuta wa chumba ulikuwa na rangi mupya, ya bluu, nzuri, ilipakwa na mutu mwenye hajui kupaka: brosi ilipita huku na huku. Nikatia kucha. Chini ya rangi kulikuwa sima, saruji ya juzi, na chini ya sima, mupasuko wenye mukono wangu uliingia mpaka pale batu banavaaka saa. Njo nikaangalia ku mulango wa chumba. Udongo wa kijani ulikuwa ku kizingiti, ile kijani yetu ya hapa, ya mawe ya shaba.

Ile miaka, Kapata batu bengi balikuwa banachimba ndani ya nyumba. Balitoa kitanda, banafungua sima ya chini, banashuka na kamba. Mi nilijua sawa batu bote. Lakini pale shimo ilikuwa imepita chini ya ukuta, na ule ukuta njo ulikuwa unabeba malata, na mu chumba cha pembeni, ku ukuta ule ule, batoto batatu banalala.

"Fungua ile chumba," nikamwambia Mama Bijou.

Aliweka mukono ku kitasa. "Kazi yako iko juu, mama. Ya chini haikuhusu."

"Mwita bwana yako."

Papa Bijou alitoka mu chumba yeye mwenyewe, kijani mpaka magoti, macho mekundu. Hakukasirika. Alisema na heshima, na ile heshima ilinitisha zaidi: "Mama Malata, utuvumilie wiki moja. Mushipa wa jiwe tumeuona. Tukiutoa, tunahama, ninaapa."

"Angalia ile wingu. Uko na wiki moja?"

"Mvua ilishanyesha mingi, nyumba iko."

"Mi nimepanda juu yake mara tatu. Inaenda."

"Unasema vile maana kazi yako ilishindwa," akasema Mama Bijou. "Gudroni yako ni mbaya, sasa unatafuta shimo ya kuitupa ndani."

Ile neno ilinichoma, maana nusu ilikuwa kweli. Mara mbili nilipaka juu ya alama yenye nyumba ilikuwa inanionyesha. Kama ningeshuka mara ya pili, tungekuwa na mwezi muzima.

Nilibaambia batoe batoto. Balikataa: wapi, na mvua inakuya? Kuenda kuita shefu wa quartier, ule wa mutaa? Angekuya kesho. Radi ilipiga, ningali ku mulango, na sima ya juzi ikaanguka kipande ku mguu wangu.

Nikapanda ngazi.

Nilishika chuma cha kungoa misumari na nikaanza juu ya chumba cha batoto. Lata ya kwanza ikatoka na kelele ya mutu anachinjwa. Bijou akaamuka, akaangalia juu, akaona mi na mbingu. "Nkambo, bibi yangu, unafanya nini?"

"Toka inje, mama. Beba badogo."

Majirani balitoka. "Mama Malata amechizika!" "Anafungua nyumba ya mutu na mvua!" Ile sheria ya kwanza ya shefu batu bote ba Kapata balikuwa banaijua, mi njo nilibafundisha. Papa Bijou aliomba, kiisha akatukana, kiisha akashika ngazi, akaivuta, akaitupa chini. "Ubakie kule na mungu wako!"

Nilibakia. Nilikuwa ninatembea ku mustari wa misumari, na chini ya miguu nilisikia ukuta unasaga meno. Kila lata niliandika namba na shoki nyeupe, sawa kampani ilitufundisha, kiisha niliiteremusha polepole inje. Wazimu gani huo, mutasema, kuandika namba saa ile? Sikuwa mwizi. Nilitaka bajue kama ninatoa malata bila kuyaharibu. Ya tano, matone ya kwanza yakaanza. Ya saba, maji ikaingia ku godoro ya batoto, na nyumba yenye haina malata hakuna mutu anabakia ndani, hata mwenye shimo. Mama Bijou alitoka na mudogo ku mugongo, godoro ku kichwa, ananitukana mpaka bazazi bangu benye kufa. Nilibahesabu: Bijou, wa pili, mudogo, mama. Papa Bijou akatoka wa mwisho, na kamba yake ya kuchimba ku bega.

Mi nilikuwa juu, na ngazi iko chini mu matope. Hakuna mutu aliisogelea. Kiisha Mama Bijou aliacha godoro kwa jirani, akarudi peke yake mu mvua, akainua ngazi, akaiegemesha ku ukuta wa jikoni, mbali na chumba. Hakuniangalia.

"Shuka, mulozi," akasema.

Nilishuka.

Mvua ilinyesha mpaka saa kumi. Saa kumi na moja, jua imerudi kidogo, ukuta wa bluu uliingia chini, wote, na kitanda, na chumba cha batoto nusu. Haukuanguka na kelele kubwa. Ulishuka sawa mutu anakaa.

Mutafikiri balinishukuru. Papa Bijou alisema mbele ya batu: "Aliingiza maji mu shimo. Yeye njo alibomoa nyumba yangu." Na batu bengi balimwamini. Nitawaambia kitu chenye sijasema ku kanisa wala ku matanga: siwezi kuapa kama anadanganya. Maji iliingia, mi njo niliifungulia mulango. Ninajua tu mu chumba hamukuwa mutu.

Mwaka ule hakuna mutu aliniita. Balisema: Mama Malata anatoa, haweki. Malata ya Mama Bijou hakuna mwenye alikuya kuichukua, na bezi balikuwa banaizunguka, basi niliibeba ku lupango yangu, ku kiwanja cha nyumba, nikaipanga juu ya matofali ili isile kutu. Mvua ilifuta shoki. Nikaandika tena namba na rangi nyekundu. Kila mwaka mbele ya mvua nilisugua kutu na brosi ya chuma, nikapaka mafuta. Magoti yangu yalikataa ngazi, nikaacha kazi, lakini ile malata sikuiacha.

Mwaka huu, mu kiangazi, Mama Bijou alikuya na mukokoteni. Nywele yake imekuwa nyeupe. Papa Bijou alikufa, hapana mu shimo, ku hopitali. Yeye na Bijou balijenga nyumba ndogo Dilala, mbali na mawe. Alisimama mbele ya malata, akapitisha kidole ku namba nyekundu. Hakusema aksanti. Aliuliza tu:

"Ya kwanza njo gani?"

Nilimuonyesha. Nilienda naye Dilala, nikakaa chini ku kiti, na Mama Bijou, mwanamuke wa miaka yake, akapanda yeye mwenyewe. "Ku mugongo, hapana mu bonde!" nilipiga kelele. "Weka kauchu!" "Nimeweka, wee mulozi!" Siku mbili. Ya pili, wingu ilianza kule Nzilo, yenye hatukuingojea bado, na kulibakia lata moja. Aliniangalia toka juu. Bijou na batoto bake balikuwa banangoja inje na bitu byao.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga. Kiisha akafunga kamba yangu ku mwisho wa mugongo wa nyumba, akaivuta mpaka mwisho ule, akaishika na mikono yote mbili.

"Iko namna gani, Mama Malata?"

Nilisimama ku kiti ili nione muzuri. Niliangalia mara ya kwanza, nikaangalia mara ya pili. Kiisha nikageuka ku Bijou, nikamwambia aingize batoto.