Video za vita zilivyotaka kuninyima mke Ilford

Wakuu, habari za humu. Hili limenikuta mimi mwenyewe, sina sababu ya kuwatungia.

Vita gani sitaji, msije mkaanza kupigana humu.

Mimi ni nesi, Mbongo, nipo London. Wazee wangu walishapeleka posa kwa baba yake Rukia, Mpemba anayeishi Ilford, hukuhuku London. Jibu bado. Jumapili moja mzee akaniita chakula cha mchana, nikajua naenda kukaguliwa.

Sasa mimi ubishi ni ugonjwa. Biriani hata nusu hatujafika, mzee akasema jeshi fulani limelipua jengo la raia. Nikamwambia waliolipua ni wale wengine, video ninayo. Na yeye anayo. Sauti zikapanda, Rukia ananikanyaga mguu, mimi ndio kwanza naendelea.

Mzee akasukuma sahani. "Mwanangu, mtu asosikia la mkubwa, mtoto wangu ntampaje?"

Hapo ndipo nikaweka kijiko chini.

Rukia, mzaliwa wa hapahapa, akatuambia kwa Kiingereza tubadilishane simu, kila mtu aone mwenzake analishwa nini.

Jengo lilikuwa lilelile, moshi uleule. Kwangu maelezo yanawalaumu hawa, kwake yanawalaumu wale. Nikascroll weee, kwake jeshi ninaloshabikia halijashinda hata mara moja, na kwangu linashinda kila siku. Algorithm inanipa ninachopenda, mzee naye anapewa chake. Aliyelipua hakuna kati yetu aliyemjua. Niliona aibu kwa kweli.

Mara mzee akaanza kucheka. Kwenye simu yangu, katikati ya makombora, kakutana na video za namna ya kuishi na mkwe mkali. Nilikuwa nimeziangalia wiki nzima kujiandaa. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikaendelea na yake. Kombora, kombora, kumbi za harusi za East London. Kombora, halafu hotuba ya baba wa bibi harusi, tena kai-save.

Nikamrudishia simu, nikamwomba radhi. Akauliza kama nimeona kitu. Nikasema sijaona.

"Basi kula biriani, mwanangu."

Ndoa ni mwezi ujao wakuu, nimefurahi sana.

Nilichojifunza: kabla hujamnunia mtu kwa habari za vita, omba uone simu yake inamwonyesha nini. Zenu zinawaambia nani anashinda? Semeni hapo chini, ila kwa adabu. Nimegundua mkwe naye ni member humu.