Mbegu za Mukwe Wangu

Kazi ya monitere wa pamba niliipata kwa sababu ya ubatizo. Bwana agronomu, Mzungu wa mashamba, alimwomba padri mtu asiyesema uongo, na padri akanisukuma mbele mimi. Nilijivuna sana, mjinga mimi. Kazi ilikuwa kuzunguka mashamba ya Wamaza, kabila la hapo kwetu, na kumwambia Mzungu nani amepanda na nani amekataa. Aliyekataa alipigwa fimbo, kisha akapelekwa gereza la Kasongo.

Siku moja tukafika kwenye shamba la mukwe wangu, baba yake mke wangu. Kwa majirani pamba ilikuwa imefika magotini. Kwake hakuna hata jani. Nikachimba kwa kidole, nikatoa mbegu: imepasuka, laini, ukiibonyeza inapondeka kama haragi. Nikaelewa palepale. Alizichemsha kabla ya kupanda, ili aseme udongo umekataa na mikono yake ibaki kwa mpunga. Wengi walifanya hivyo, lakini walichemsha kidogo tu. Mzee huyu alizipika mpaka zikaiva.

"Iko nini?" Mzungu akauliza.

"Muchwa, Bwana. Imekula mbegu yote."

Akaamini, kwa kuwa mimi ni Mkristo. Mukwe wangu alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa huzuni, akilaani mchwa pamoja nami. Alidhani ametudanganya wote wawili. Na mimi ningemwambia nini? Kwetu mukwe hata kumtazama usoni ni taabu. Utamwambiaje kwamba umeona alichopika?

Jumamosi nikaenda kuungama. Sikutaja jina la mtu. Padri akasikiliza, akauliza, "Utaacha uongo huo?" Nikafikiria msimu unaokuja na sufuria ya mzee, nikasema siwezi kuahidi. "Basi na mimi siwezi kukuondolea dhambi," akasema, akafunga kidirisha. Nilimkasirikia. Yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi hiyo, na kuiacha hakukuwezekana: ukivunja mkataba wa Mzungu, gereza ni lilelile.

Misimu miwili, kwa kuwa sikuondolewa dhambi, nilibaki kwenye benchi wengine wakienda kupokea komunyo. Na misioni kwetu, mwanaume aliyeoa kanisani akibaki kwenye benchi, watu wanajua sababu moja tu: ana mwanamke pembeni. Mke wangu alivumilia, akauliza, akalia, mwisho akafunga vitu vyake akaenda kwa baba yake.

Nikamfuata na mbuzi, kama inavyopasa. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, na kando ya nyumba shamba liko tupu tena.

"Mukwe," akasema, "sikukupa mutoto wangu ili umudanganye. Mutu mwenye kuogopa Mungu hafichi kitu. Huyo mwanamuke iko wapi?"

Hasira ilinipanda. Neno moja tu lingetosha. Lakini mke wangu alikuwa amekaa karibu na miguu ya baba yake, amejaa imani naye kama mtoto, na shemeji zangu wote wako pale, watu wasiojua kufunga mdomo. Neno lile lingefika kwa Mzungu kabla yangu.

"Iko Nyangwe, baba," nikasema. "Nimekwisha kumuacha."

Mzee akafurahia ukweli wangu. Alinisamehe mbele ya watu wote, akapokea mbuzi, na tukarudi nyumbani, mke wangu akitangulia. Padri naye akapata habari ya mwanamke wa Nyangwe, akaniita nije kuungama. Sikwenda.

Mzee amekufa miaka mingi sasa, na bado sijui nianzie wapi kumweleza mke wangu ukweli. Hata leo, tumekaa vizuri tu, tunamenya karanga, mke wangu ananiuliza yule mwanamke wa Nyangwe alikuwa namna gani. Zamani nilikataa kujibu. Siku hizi namwambia alikuwa mfupi, na hakujua kupika.