Saa ya Mama na Tone la Mafuta ya Nazi

Enzi zetu kule Temeke, tulipokuwa tukicheza rede mpaka vumbi linatufika magotini, saa ya mkononi haikuwa kitu cha kila mtu. Wakati tuliujua kwa adhana, kwa kivuli cha ukuta na kwa ukali wa wazazi. Mtaani kwetu mama yangu ndiye mwanamke pekee aliyekuwa na saa, ya kike, ndogo kama kifungo cha shati. Baba aliinunua mnadani, Wazungu fulani walipouza vyombo vyao ili warudi kwao. Mama aliivaa hata akikuna nazi. Jirani akimuuliza saa ngapi, aliunyoosha mkono taratibu, ili saa ionekane vizuri.

Baba alikuwa mpakuzi wa mizigo bandarini, mtu wa maneno machache. Sikumsikia akimwambia mama neno tamu. Akifurahi sana alisema, "Mchuzi umekolea," basi, imetoka hiyo.

Homa ikamchukua. Mama akaingia eda, akavua bangili, herini na ile saa, akaitundika kwenye msumari ukutani. Siku ya pili ya msiba saa ikasimama. Wanawake waliokaa mkekani wakaguna, "Imemfuata mwenyewe." Mama aliamini, na iliniuma kumwona akiiweka sikioni, anasikiliza, anairudisha. Ndicho kitu cha baba alichobaki nacho. Mwisho akaubandua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu, akatia tone la mafuta ya nazi, kama alivyozoea kuitia cherehani yake. Wapi.

Eda ilipokwisha, safari yake ya kwanza ilikuwa kwa fundi saa, mzee wa Kihindi mwenye kiduka Kariakoo. Tulikwenda kwa miguu, mimi nimeshika pindo la kanga yake.

Fundi alibana lenzi jichoni, akaifungua saa, akanusa. "Mama, hii ni saa au kitumbua?"

Akasema kasha limepakwa dhahabu tu, lakini mashine ni ya Uswisi, safi kabisa. Akatoa magurudumu moja moja, madogo kuliko punje za mtama, akayaosha kwa benzini, akayatia mafuta yake kwa ncha ya sindano. Kisha akazungusha kile kifundo cha ubavuni. Saa ikaanza kwenda.

"Haikuwa imekufa, mama. Ilikosa ufunguo, halafu mafuta yako yakaongeza taabu. Nani alikuwa anaitia ufunguo?"

"Ufunguo gani? Saa hii ilikuwa inakwenda yenyewe."

"Hakuna saa ya kwenda yenyewe. Hii usipokizungusha hiki kifundo leo, kesho inasimama."

Miaka yote mama aliivua alfajiri akaenda uani kutawadha, na akirudi aliikuta pale pale kitandani, karibu na baba. Akaketi kwenye kizingiti cha duka, akalia kilio ambacho hakukilia hata jeneza lilipotoka.

"Hakuniambia," akasema. "Fundi, hakuniambia hata siku moja."

Fundi akamletea maji.

Wajukuu zangu siku hizi mtu akinunuliwa soda na mchumba, lazima mji mzima uone picha. Huwa nawacheka, ingawa moyoni nawaonea wivu kidogo, maana mama angependa sana kuambiwa. Enzi zetu mtu aliweza kukupenda maisha yake yote, na habari ukaja kuipata kwa fundi saa, mwenyewe keshazikwa.