Karai la Nyuki

Shamba la mama liko chini ya milima ya Sagalla, upande ambao ndovu wa mbugani hupita wakitafuta chakula. Mimi naishi Voi mjini, nyumba ya kupanga, na kwa miaka nilimsihi ahamie kwangu. Jibu lake lilikuwa moja: mizinga ikiwa na nyuki, yeye haendi popote.

Mizinga yenyewe imetundikwa kwenye waya uliozunguka shamba. Ndovu akiugusa waya, mizinga inatikisika, nyuki wanatoka na hasira zao, na lile jitu linatimua mbio. Nilifurahi kila nilipoona hilo. Pojo tulizopanda zililindwa na wadudu vizuri kuliko askari yeyote.

Halafu mvua ikakatika mapema. Migunga haikutoa maua, nyuki wakaanza kuhama, mzinga mmoja baada ya mwingine. Mama hakukubali. Kila asubuhi alibeba maji kutoka kioski cha kuuzia maji, akajaza karai chini ya kila mzinga uliobaki na watu wake, na ndani akatia vijiti ili nyuki wasizame. Yeye mwenyewe alioga kwa kikombe.

"Mama, hawa wageni wako watakumaliza," nilimtania.

"Wacha wanywe. Wakienda hawa, na mimi naenda."

Na kweli wakabaki. Pojo nazo, kwa ukaidi wao, zikafunga maganda.

Lakini hatukufikiria kiu ya ndovu. Vidimbwi vya mbugani vilikuwa vimekauka, na ndovu hunusa maji kutoka mbali sana. Asubuhi moja mama akanipigia simu, akasema tu nije. Nilikuta waya umelala chini, mizinga imepasuka, makarai yamepondwa, pojo hakuna. Nyuki wenye njaa vile wasingeweza kumfukuza hata kuku. Walionusurika walitambaa kwenye tope wakifyonza unyevu uliobaki.

Nilimtukana yule ndovu kwa matusi yote ninayoyajua, na machache niliyoyatunga papo hapo. Kisha nikaona nyayo ndogo kando ya zile kubwa. Alikuja na mtoto. Hasira ikaniishia, nikabaki na huzuni tu.

Mama alikuwa amekalia mtungi mtupu.

"Tungewanyima nyuki maji, wangehama," alisema. "Tumewapa, tumemwita ndovu. Sasa ningefanya nini, mwanangu?"

Pale kila kiumbe kilitafuta maji yale yale, na hayakutosha.

Aliingia ndani, akatoka na nguo zake zimefungwa kwenye leso, na kikapu cha mbegu alizozihifadhi kwa msimu ujao.

"Huko kwako kuna mahali pa kupanda?"

Ua wetu ni simiti mpaka getini. Nikamwambia hakuna.

Akakirudisha kikapu ndani, akafunga mlango kwa nje, akabeba furushi lake la nguo.