Aliyeweka Kamera Chini

Mwanangu, ipo siku moja ya ujana wangu ambayo naikumbuka kuliko zote. Ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa mpiga picha hapa Mbeya, fundi mpya mwenye majivuno. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Anyosisye, ambaye katika vita vya Burma alibebeshwa kamera ya jeshi. Picha zake zilitoka magazetini, lakini aliporudi alipiga picha za harusi na za watoto wa kipaimara tu. Nilimwona simba aliyegeuka kondoo. Ujana nao ni moshi, mwanangu, huziba macho.

Siku hiyo nilikuwa Chimala, lori la mpunga likapinduka. Abiria mmoja akabanwa mguu chini ya magunia. Mkewe alinishika shati, akaniomba nisaidie kuyavuta. Nikamwambia asubiri kidogo, nikapiga picha, tena nikampiga picha na yeye akilia. Nilipoweka kamera begani, wengine walikuwa wamekwisha kumtoa mumewe.

Nilimpelekea mzee zile picha nikitegemea sifa. Alizitazama sana, kisha akauliza, "Huyu mama anamtazama nani?"

"Mimi, mzee."

Akataka kujua alikuwa ananiambia nini. Nikaeleza, na aibu ikanishika kabla sijamaliza.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Huko Burma rafiki yake wa Rungwe alijeruhiwa, akamwomba maji. Yeye akapiga picha kwanza. Alipofungua chupa, mwenzake alikuwa amekwisha kukata roho. Picha ile ndiyo wakubwa wa jeshi waliyoisifu.

"Picha ingeningoja," alisema. "Ndugu yangu hakuweza."

Kesho yake nilirudi Chimala, nikamwomba mama yule radhi, nikamkabidhi picha zote na filamu yake. Mumewe alikuwa hai, mguu umefungwa kwa mbao. Mama akacheka kidogo, akasema basi niwapige nyingine, wakiwa wamevaa vizuri. Nikawapiga picha hiyo, nikarudi nyumbani moyo mweupe.

Mzee alipofariki, watu walitoka Rungwe na hata Iringa kuja kumzika. Hakuna aliyetaja magazeti. Mmoja alikumbuka alivyofungwa tai na mzee siku ya harusi yake, mwingine alivyobembelezewa mtoto.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Ipende kazi yako, lakini mtu akikuita, iweke chini kwanza uitike. Mungu akubarikie mikono, akupe jina jema, na nyumba yako isikose wa kukuitikia.