Kondoo wa Koinet Hawajavuka Lango

Saa kumi na moja jioni, Jumamosi ya mwisho ya Septemba 1979. Watu wa kambi ya barabara bado wanashangilia, na Koinet anachukua shuka lake alilolitundika kwenye nguzo ya wavu, anaokota fimbo yake, anaondoka. Hakimbii. Anapita katikati ya watu wanaotaka kumbeba begani, anashika barabara inayopanda msituni kuelekea lango la Ngorongoro.

Raphaeli Hhando, aliyecheza naye miaka minne, anadhani amekwenda kunawa. Zawadi ya washindi, kondoo jike wawili, imefungwa kwenye tela la trekta. Hhando anamfungua wake. Wa Koinet anabaki amefungwa mpaka giza linaingia.

“Nilijisemea, Jumatatu atakuja kazini,” anasema Hhando. “Jumatatu koleo lake lilishinda limeegemea ukuta.”

Sasa ni Septemba nyingine, ya mwaka 1986. Saa moja asubuhi Hhando yuko mtaroni, kilomita chache juu ya Karatu, anazoa tope lililoziba kalvati. Ana miaka arobaini na minane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kwenye barabara hii. Mshahara wake haufiki shilingi elfu moja kwa mwezi. Viatu vya kazi alipewa mara ya mwisho mwaka 1982; leo amevaa katambuga.

Ni vigumu kuamini kuwa mtu huyu mzito, anayepumzika kila baada ya makoleo kumi, aliwahi kuitwa jina la heshima na wapenzi wa mpira wa wavu kutoka Daa hadi Mbulu. Walimwita Bwana Vidole.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa uhaba. Kambini walikuwa watu tisa, hawatoshi timu mbili za watu sita. Ulikuwapo mchanga uliobaki baada ya kujenga kalvati, wakautandaza, wakafunga wavu, wakacheza wawili kwa wawili, peku. Baada ya mwaka mmoja shule, misheni na madereva wa Hifadhi nao walikuwa na jozi zao, na kila Septemba palikuwa na fainali.

“Kwenye watu sita unaweza kujificha,” anaeleza Hhando. “Kwenye wawili hakuna pa kujificha. Anayepokea mpira ndiye atakayeinuliwa, ndiye atakayeruka kupiga. Ukimwanzishia mtu yuleyule mara kumi, anakimbia mara kumi, anaruka mara kumi, tena mchangani. Kwa hiyo anayeanzisha kazi yake ni moja tu: kuchagua miguu ya nani ife.”

Aliyekuwa akichagua ni Hhando. Alisimama karibu na wavu, mkono mgongoni. Kidole kimoja, mtu wa kushoto. Viwili, wa kulia. Ngumi, katikati yao wagombane. Nyuma yake Koinet, Mmasai wa Nainokanoka aliyekuja kutafuta kibarua baada ya ukame kummalizia ng'ombe, alisoma vidole na kutii.

Watu wa kambi wanaukumbuka mpira wa Koinet hadi leo. Alingoja upepo wa alasiri ushuke kutoka milimani, akaupiga mpira kwa kiganja kigumu bila kuuzungusha. Ulipofika juu ya wavu ulisita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, kisha ukaanguka. Siku hizo hupati pointi usipoanzisha wewe, na Koinet aliweza kukaa kwenye mstari wa kuanzisha mpaka wapinzani wakaanza kulaumiana.

Fainali ya mwaka ule walipangwa na Mwalimu Piusi na Metui, dereva wa lori la maji la Hifadhi. Metui alikuwa wa kwao Koinet. Ukame ulipomfilisi Koinet, ni Metui aliyempa dume la kuanzia, na tangu siku hiyo hawakuitana tena kwa majina. Waliopeana ng'ombe, kwa Kimasai, huitana Pakiteng. Mtu wa namna hiyo, Koinet alipenda kusema, humwangushi mbele za watu.

Wiki moja kabla ya fainali, wakichimba mtaro, Koinet alimweleza Hhando jambo lililomkosesha usingizi. Goti la kushoto la Metui lilikuwa likivimba kila akirudi safari. Alikuwa akilificha, maana dereva asiye na mguu wa klachi si dereva.

Hhando anachomeka koleo kwenye tope na kulishikilia.

“Hakunipa mbinu,” anasema. “Alinipa siri ya rafiki yake. Mimi nikaisikia kama mbinu.”

Tangu seti ya kwanza alionyesha kidole kimoja. Metui alikuwa kushoto. Koinet akampelekea Mwalimu Piusi. Kidole kimoja tena. Mpira ukaenda tena kwa mwalimu, ambaye siku hiyo alikuwa akipokea kama anayedaka embe. Seti ya kwanza wakapoteza, ya pili wakaipata kwa jasho. Ya tatu ikafika kumi na nne kwa kumi na tatu, Koinet akiwa na mpira mkononi.

Hhando aliacha wavu, akamfuata mwenzake mpaka kwenye mstari. Kiwanja kilikuwa kimya, kila mtu alisikia.

“Koinet, wewe unacheza upande gani wa wavu? Au dume lile lilikununua na wewe?”

Watu walicheka. Koinet alimtazama, akamtazama na Metui, kisha akangoja upepo. Mpira haukwenda mbali. Ulianguka hatua mbili tu nyuma ya wavu, upande wa kushoto. Metui alichomoka kuufuata, goti likamkatalia, akaenda chini.

Kumi na tano kwa kumi na tatu. Katikati ya vigelegele Koinet alipita chini ya wavu, akachuchumaa karibu na Metui na kusema maneno machache kwa Kimasai. Metui alitikisa kichwa. Ndipo Koinet alipolifuata shuka lake.

Kabla ya Krismasi Metui aliacha usukani, mguu hauwezi tena klachi. Koinet alikaa kwao Nainokanoka, hakushuka Karatu hata siku za gulio. Hhando naye hakupanda.

“Nilisema, yeye ndiye aliyeondoka, basi yeye ndiye aje. Kondoo wake yuko hapa, atamfuata. Nilimfanya kondoo kuwa mtego.”

Wakati wa masika ya mwaka 1983 Koinet alishikwa na kifua, akafariki. Hhando alizipata habari baada ya wiki tatu, kutoka kwa mwuza asali. Anasema alimaliza zamu yake ya siku hiyo kwanza, kisha akaenda kukaa kwenye mchanga wa kiwanja.

Kondoo yule mmoja sasa wamekuwa tisa. Wote wamechanjwa sikio la kulia ili wasichanganyike na wa nyumbani. Hata mwaka wa njaa hakuuzwa hata mmoja, jambo ambalo mkewe, Blandina, hajalisahau.

“Nilimwambia, Baba Lusia, watoto wanakula mboga chungu na kondoo wa marehemu wananenepa,” anasema Blandina, akiwatazama zizini. “Akachukua mundu, akaenda kuwakatia majani. Sasa mimi ndiye ninayewakatia majani.”

Mwezi uliopita Hhando alituma salamu kwa Seenoi, mjane wa Koinet, kwamba angetafuta kijana wa kumpelekea kondoo hao. Jibu lilirudi na mchunga ng'ombe aliyekuja mnadani: alete mwenyewe, msamaha hauombwi kwa kutuma mtu.

Ameomba likizo ya siku nne. Ataondoka Jumatatu kwa miguu, na kondoo tisa mbele yake. Hajui atamwambia nini mjane. Anasema safari ya huko haimtishi kama mwanzo wake.

Barabara ya Nainokanoka ni moja, na inapita langoni. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Tangu aache lori, anayelifungua ni Metui.