Ugonjwa Mmoja wa Binti Yangu
Enzi za Mwingereza, binti yangu alikohoa tangu akiwa mchanga. Alikula sana lakini hakunenepa, choo chake kilikuwa na mafuta, na kila nilipombusu nilionja chumvi. Majirani wa Makambako walisema ana magonjwa matatu. Nilikataa, nikampeleka hospitali ya misheni.

“Daktari, huu ni ugonjwa mmoja,” nilimwambia.

“Ni kweli, mama. Ute wake ni mzito mno. Unaziba mapafu na kongosho, ndiyo maana chakula hakisagiki vizuri. Chumvi ya jasho lake nayo ni dalili ya ugonjwa huu huu. Dawa ya kuuponya hatuna.”

Alinifundisha kumlaza kifudifudi na kumpigapiga mgongoni mpaka makohozi yatoke. Nilifanya hivyo kila asubuhi. Alianza shule, akajua kusoma, ndipo mapafu yakamshinda, akafariki. Nililia sana, lakini nilimlea vizuri, na nasema hivyo bila kusita.